Bima ya mazao hatua kwa hatua: jua kinapimwa nini kabla hujatoa hela

Wengi tunakata bima ya mazao tukiwa na wazo moja kichwani, kwamba shamba likiharibika nalipwa. Hapo ndo tunapopotea. Bima inalipa pale kipimo kilichoandikwa kwenye mkataba kinapofika mahali palipoandikwa, na hicho kipimo na hali ya shamba lako kuna msimu vinaenda pamoja na kuna msimu kila kimoja kinashika njia yake. Mi nililijua hilo kwa maumivu. Bima yangu ya kwanza ilikuwa ya mvua, nilisaini bila kusoma, mvua za kwanza zikachelewa nikapanda kama wiki mbili nyuma ya kawaida, kumbe kwenye karatasi siku zilishaanza kuhesabiwa. Mvua ikaja nzuri tu, ikanyesha wiki zote zilizokuwa zinahesabiwa, alafu mahindi yalipoanza kutoa mbelewele ikakata kabisa, na siku za kuhesabu zilikuwa zimeisha siku tisa nyuma. Magunzi yakatoka na punje za kuhesabu kwa vidole. Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole, "Kaka, kwa data zetu msimu wako ulikuwa mzuri." Hakudanganya. Kwa data zao ulikuwa mzuri kweli.

Basi haya ndo ninayofanya sasa hivi kabla sijalipa chochote.

Hatua ya 1: Andika kinachokuumiza

Chukua karatasi kabla hujaongea na wakala yeyote. Andika misimu yako ya nyuma, mitano kama kumbukumbu zako ni za kubabaisha, kumi kama unaweza, na mbele ya kila msimu weka ulivuna magunia mangapi kwa ekari na kitu gani kilikupunguzia. Usiandike "hali ilikuwa mbaya", hiyo haisaidii mtu. Andika mvua ilikata lini na mahindi yalikuwa na ukubwa gani, maji yalisimama siku ngapi, ni wadudu gani, mvua ya mawe ilipiga mwezi gani.

Ukimaliza utaona mambo yamejigawa yenyewe. Kuna yanayokuja kila mwaka yanakula kidogokidogo, magugu, ndege, mbolea kuchelewa, na kuna yale yanayokuja mara moja kwa miaka kadhaa lakini yakija yanafagia. Bima ni ya haya ya pili. Hasara inayotokea kila msimu ukiikatia bima, kampuni itakutoza hasara hiyohiyo na cha juu chake, hapo bora hela ukaiweke kwenye palizi.

Pia ujue kuna vitu bima nyingi za mazao hazigusi kabisa: uzembe (hukupalilia, hukupiga dawa wakati dawa ipo), wizi, mazao yakishatoka shambani yakaharibikia stoo, na bei kushuka sokoni. Hilo la bei linawakwaza wengi, mtu amevuna vizuri bei imeanguka anauliza bima yake iko wapi. Marekani wana bima ya mapato inayoangalia mavuno na bei kwa pamoja, ila inahitaji soko lenye bei za wazi zinazojulikana mapema, kwa hiyo usidhani na yako iko hivyo mpaka uione imeandikwa.

Hiyo karatasi itunze, tutairudia.

Hatua ya 2: Jua ni aina gani unauziwa

Wakala atakwambia "bima ya mazao" kama vile ni kitu kimoja. Sio kimoja, na ukikosea hapa yote yanayofuata yanaenda kombo.

Ya kwanza na ya zamani kuliko zote ni bima ya majanga yaliyotajwa kwa jina. Mvua ya mawe, moto, wakati mwingine upepo au baridi kali ya kugandisha. Kule Neubrandenburg, Ujerumani, wakulima waliungana mwaka 1797 wakaanzisha chama cha kubebana hasara za mvua ya mawe, na chama hicho bado kipo mpaka leo kama kampuni ya bima. Ukitaka kuelewa kwa nini walianza na mvua ya mawe na sio ukame, fikiria hivi: mvua ya mawe inapiga shamba hili inaacha la jirani, inaacha alama kila mtu anaiona, na hakuna mkulima anayeweza kuisababisha. Kumi walioumia wanafidiwa na mia ambao hawakuguswa. Hesabu inakaa.

Ukame hauko hivyo. Ukame ukija unapiga wote kwa wakati mmoja, na kampuni inatakiwa kulipa wateja wake wote mwaka huohuo. Ndo maana aina ya pili, bima ya mavuno inayobeba majanga mengi kwa pamoja (ukame, mafuriko, magonjwa, wadudu), kampuni binafsi zilijaribu kuiuza zikashindwa. Marekani ilibidi serikali yenyewe iingie mwaka 1938, baada ya ile miaka ya ukame na vumbi, ikaunda shirika lake la bima ya mazao na ikaanza na ngano. Aina hii inapima shamba lako wewe. Kuna wastani wako wa mavuno, kuna kiwango unachohakikishiwa, ukivuna chini yake unalipwa tofauti. Ni bima nzuri ila ni ghali, sababu lazima mtu aje shambani kwako apime, na kwa mkulima wa ekari 2 safari ya mkaguzi peke yake inaweza kula ada yote.

Ya tatu imeletwa na hilo tatizo hasa, la safari ya mkaguzi. Ndo bima ya indeksi, ambayo haipimi shamba lako kabisa. Inapima kitu kingine kinachotegemewa kwenda sambamba na mavuno yako: milimita za mvua kwenye kituo cha hali ya hewa au kwa setelaiti, ukijani wa mimea unaoonekana kutoka angani, au wastani wa mavuno ya eneo zima. Kikishuka chini ya kiwango, kila aliyekata bima kwenye eneo hilo analipwa bila kukaguliwa. Kenya mwaka 2009 walianzisha Kilimo Salama, mkulima alikuwa analipia bima dukani palepale anaponunua mbegu na mbolea, vituo vya hali ya hewa vilikuwa vinahesabu mvua, fidia ilikuwa inakuja kwa M-Pesa. Mwaka uliofuata, 2010, huko Marsabit ikaanza bima ya wafugaji inayosoma ukijani wa malisho kwa setelaiti. India nao mpango wao mkubwa wa 2016 unategemea sana wastani wa mavuno ya eneo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala ni fupi tu: hii ya kwako inapima shamba langu au inapima kitu kingine? Akianza kuzunguka, muulize tena polepole.

Hatua ya 3: Maswali manne, na usiondoke bila majibu yake

Kinapimwa nini? Kinapimwa wapi? Kinapimwa lini? Nani anapima?

Hilo la "nini" tumeshaligusa. La "wapi" watu wanalidharau. Data moja ya mvua ya setelaiti inayotumika sana kwenye hizi bima inagawa ramani kwa miraba ya karibu kilomita 5 kwa 5. Mraba mmoja wa hivyo ni zaidi ya ekari 6,000. Yaani ndani ya namba moja kuna shamba lako la mlimani, la mwenzako wa bondeni, na la yule ambaye mvua huwa inamkuta tu hata isiponyesha kwa wengine, na nyote mnahesabiwa mmepata mvua sawa. Kama ni kituo cha ardhini, uliza kiko umbali gani na kama kati yenu kuna mlima. Kama ni wastani wa mavuno ya eneo, uliza eneo limekatwa wapi, maana ukiwa pembeni mwenye udongo wa kichanga umechanganywa na watu wa mabonde yenye rutuba, wao wakivuna wewe umekwisha.

La "lini" ndo lililoniua mimi. Mkataba wa mvua kwa kawaida unagawa msimu kwa vipindi, cha kuota, cha kukua, cha kuchanua na kujaza punje, kila kimoja na kiwango chake. Sasa angalia hivyo vipindi vinaanza tarehe gani, au vinaanza baada ya mvua ya kwanza kufika milimita kadhaa, au wewe ndo unatuma ujumbe siku unayopanda. Hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. Kwa mahindi kipindi cha kuchunga kama mboni ya jicho ni wiki kama mbili kabla na mbili baada ya kutoa ndevu, mvua ikikosekana hapo hata ije kubwa baadae haikusaidii. Chukua kalenda, weka tarehe unayopanda kweli (sio ile uliyoshauriwa upande), hesabu siku za mbegu yako mpaka kutoa ndevu, uone kama hapo mkataba bado uko macho au umeshalala.

Na usidhani ni sisi wadogo tu tunaangukia hapo. Malawi, nchi nzima, ilikata bima ya ukame kwenye taasisi ya Umoja wa Afrika inayoitwa African Risk Capacity kwa msimu wa 2015/16. Ukame ukaja mbaya, serikali ikatangaza janga, mamilioni wakahitaji chakula, na hesabu ya kompyuta ikasema hamna malipo. Walipoichimba wakakuta hesabu ilichukulia wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu wakati wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi, kwa hiyo mtambo ulikuwa unaangalia siku ambazo sio za mahindi yaliyoko shambani. Wakarekebisha, na nchi ikalipwa kama dola milioni 8, lakini kwa kuchelewa. Serikali yenye wataalamu wake ilikwama kwenye aina ya mbegu, basi wewe ukiuliza swali hilo kwa wakala usione aibu.

"Nani anapima" ni fupi: awe mtu ambaye hafaidiki na jibu. Idara ya hali ya hewa, setelaiti ambayo data zake ni za wazi, watu wa takwimu. Kama kampuni ndo inapima yenyewe na hakuna mwingine anayeweza kuhakiki, mi hapo napita tu.

Hatua ya 4: Piga hesabu mwenyewe, kalamu mkononi

Tuanze na bima ya mavuno. Tuseme wastani wako ni magunia 20 kwa ekari na umechagua kiwango cha asilimia 70. Unachohakikishiwa ni magunia 14. Ukivuna 10, unalipwa 4 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, sio bei ya sokoni siku hiyo. Ukivuna 15, umepoteza robo ya mavuno na hulipwi kitu, hiyo ni sehemu yako ya kubeba. Wengi hapo ndo wanasema wametapeliwa na hawajatapeliwa. Kiwango kikipanda ada inapanda nayo, Marekani kwa mfano mkulima anachagua kuanzia asilimia 50 hadi 75, kwa mazao na maeneo mengine mpaka 85, na wastani wake unatokana na rekodi zake mwenyewe za miaka 4 hadi 10. Asiye na rekodi anapewa makadirio, na makadirio huwa hayampendelei. Kwa hiyo daftari lako la mavuno ni hela.

Sasa indeksi ya mvua. Mfano kipindi cha kuchanua kina kiwango cha kuanzia cha milimita 60 na kiwango cha mwisho cha milimita 20. Ikinyesha 60 au zaidi, sifuri. Ikinyesha 20 au chini, unalipwa kiasi chote cha kipindi hicho. Ikinyesha 40, uko katikati, nusu. Ikinyesha 55 unapata asilimia 12 na nusu tu, hela ya kununulia soda za wapalilizi. Ikinyesha 61 huna lako, na hakuna wa kumlilia kwamba ni milimita moja.

Alafu ada. Tuseme kiasi ulichokatia bima ni 100 ya hela unayotumia wewe, na ada ni 8. Je ni ghali? Huwezi kujua mpaka uulize kitu kimoja ambacho mawakala wengi hawajawahi kuulizwa: nionyeshe kwa miaka 20 iliyopita bima hii ingelipa mara ngapi na kiasi gani. Wanaweza kuipata kabisa, data za mvua za setelaiti niliyoitaja zinarudi nyuma mpaka 1981 na kampuni ilizitumia hizohizo kupanga bei. Kama kwa miaka 20 ingelipa jumla ya 100, hiyo ni wastani wa 5 kwa mwaka kwenye ada yako ya 8, nyingine 3 ni gharama zao na faida yao, hiyo inaeleweka. Kama ingelipa jumla ya 40, ni 2 kwa mwaka kati ya 8, hapo unafuga kampuni.

Na sasa itoe ile karatasi ya hatua ya 1. Weka miaka waliyokupa pembeni ya miaka yako mibaya. Kama mwaka wako mbaya kuliko wote wao wanauona wa kawaida, hiyo bima haikuhusu hata kama bei ni nzuri. Zoezi hili linachukua nusu saa na ndo lenye thamani kuliko mengine yote humu.

Uliza pia kama kuna ruzuku. Sehemu nyingi serikali inabeba kipande cha ada, India kwenye ule mpango wa 2016 mkulima analipa si zaidi ya asilimia 2 ya kiasi alichokatia kwa mazao ya chakula na mafuta ya msimu wa mvua, asilimia 1.5 kwa ya msimu wa baridi, na 5 kwa mazao ya biashara na bustani, kilichobaki serikali. Ila ruzuku ina kasoro yake, serikali ikichelewa kulipa kipande chake kampuni nayo inaweza kuchelewesha fidia yako, kwa hiyo uliza msimu uliopita watu walilipwa baada ya muda gani.

Hatua ya 5: Mhakiki anayekuuzia

Hapa sikai sana. Kampuni iwe imesajiliwa na mamlaka inayosimamia bima, na wakala awe na leseni yake, mamlaka nyingi zinaweka orodha mtandaoni, angalia kabla hujalipa. Lipa kwa njia inayoacha alama, kwa jina la kampuni, sio kwa namba ya simu ya wakala "alafu nitakuingizia". Dai hati ya bima yenyewe, risiti haitoshi. Ukipewa kipeperushi ujue kipeperushi sio mkataba.

Kama bima imekuja imefungwa ndani ya mkopo au ndani ya mfuko wa mbegu, uliza mlipwaji wa kwanza ni nani. Mara nyingi kwenye mkopo fidia inaenda benki kwanza kupunguza deni, wewe unapata kinachobaki kama kipo. Sio vibaya, deni kupungua mwaka wa njaa ni afya, ila ulijue mapema usije ukawa unasubiri hela iliyoshatua kwingine.

Hatua ya 6: Kata mapema

Kuna tarehe ya mwisho ya kukata, na huwa iko kabla ya msimu. Sababu yake ni ya haki tu, wangeruhusu watu wasubiri waone mawingu, wangekata wale tu wanaoona mambo mabaya, na mfuko ungekauka. Siku hizi utabiri wa El Niño na La Niña unatoka miezi kadhaa kabla kwa hiyo kampuni nazo zinafunga mapema zaidi. Usiwe mtu wa siku ya mwisho, siku ya mwisho mtandao unakwama, jina linakosewa, namba ya simu inaingia yenye tarakimu moja ya uongo na fidia inakwenda kwa mtu usiyemjua. Ukishasajiliwa soma jina lako, namba yako, ukubwa wa shamba, na mahali shamba lilipo kwenye mfumo. Nimeona mtu aliyesajiliwa kwa mahali alipokuwa amesimama siku anajisajili, yaani nyumbani kwake, shamba liko upande wa pili wa mlima.

Hatua ya 7: Weka ushahidi kuanzia siku ya kwanza

Picha ya shamba siku ya kupanda, picha likiota, picha kila wiki mbili ukiwa umesimama palepale, simu ikiwa imewashwa eneo. Risiti za mbegu na mbolea, jina la mbegu na siku zake za kukomaa. Tarehe za palizi na dawa. Kwa bima inayopima shamba lako, hivi ndo vinakutenga na mtu mzembe, maana mkaguzi akikuta shamba limeungua kwa jua na limejaa magugu atauliza ni lipi lilianza, na wewe ndo unatakiwa kuwa na jibu.

Hatua ya 8: Hasara ikitokea

Toa taarifa mara moja. Muda unatofautiana kwa mkataba ila saa 72 utakutana nazo sana, Marekani wanaitumia, India wanaitumia kwa majanga yanayopiga shamba moja moja. Piga simu, alafu andika pia, ujumbe mfupi au barua pepe, ili pabaki tarehe. Omba namba ya kleimu, yaani ya dai lako la fidia.

Alafu usilime! Hapa ndo watu wanaharibu. Shamba limepigwa na mawe asubuhi, mchana mtu ameshaleta trekta apande kingine. Ukishageuza udongo hakuna cha kupima na kleimu imekufa. Kama ni lazima uokoe msimu, omba ruhusa kwa maandishi na uache vipande vya mfano, mistari michache ambayo haijaguswa, sehemu tofauti za shamba, sio pale palipoharibika tu.

Tena mkaguzi asipokuja siku hiyohiyo usipaniki. Kwa mvua ya mawe kwenye mahindi machanga wanasubiri makusudi siku 7 hadi 10, kwa sababu mhindi ukiwa bado hauna majani kama sita kiini chake cha kukua kiko chini ya ardhi, juu kumechanika kama nyuzi lakini baada ya wiki unaona jani jipya la kijani linachomoza katikati. Mkaguzi anayejua kazi atapasua shina kwa kisu kidogo kwa urefu, akiona kiini ni cheupe na kigumu huo uko hai, akiona kimekuwa cha kahawia na kinalegea anauhesabu umekufa. Anahesabu kwa mistari, sehemu kadhaa, anapata asilimia. Kaa naye. Hesabu naye. Kama anachagua kona moja tu nzuri mwambie kwa heshima apite na upande wa pili, na chochote anachokuwekea usaini kisome, sehemu ya maoni ya mkulima usiiache tupu kama hukubaliani.

Kwenye bima ya mavuno ya eneo, wanachagua mashamba kwa bahati nasibu, wanapima mraba, mfano mita 5 kwa 5, wanavuna kila kilichomo, wanapukuchua, wanapima uzito. Mraba huo ni mita 25 za eneo na ekari ina kama 4,047, kwa hiyo kila kilo ya mraba inazidishwa mara 162. Ona sasa kosa dogo linavyokuwa kubwa: wamepata kilo 5, wanaandika kilo 810 kwa ekari. Lakini punje zilikuwa mbichi, zina maji asilimia 20. Zikikaushwa mpaka unyevu wa kuhifadhia wa asilimia 13.5, zile kilo 5 ni kama 4.6, na ekari inashuka mpaka kama kilo 750. Kilo 60 za maji zimehesabiwa kama mahindi, na zinaweza kuwa ndo tofauti ya eneo zima kulipwa au kutolipwa. Kwa hiyo wakija kupima jirani kwako nenda ukasimame hapo, uliza kipima unyevu kiko wapi. Kama hawana, uliza watazikausha wapi na nani atapima tena.

Hatua ya 9: Malipo, na ugomvi kama upo

Kwa indeksi huhitaji kufungua kleimu, malipo yanatakiwa yaje yenyewe kipindi kikiisha. Hayo ni maneno ya kwenye mkataba. Wewe fuatilia, omba namba ya kipimo cha eneo lako kwa kila kipindi, ilinganishe na kiwango. Kipimo cha mvua cha plastiki pale shambani hakikubaliki kama ushahidi wa malipo lakini kinakusaidia kujua kama namba yao ina akili, wao wakisema milimita 70 na wewe umeandika kila siku kwa tarehe jumla ikaja 22, una cha kuongelea, na mkiwa ishirini mna cha kuongelea zaidi.

Malalamiko yaanze kwa kampuni, kwa maandishi, ukitaja kifungu cha mkataba na sio uchungu wako. Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi. Kisha mamlaka ya bima au msuluhishi wa migogoro ya bima kama nchi yako anaye, huduma hiyo mara nyingi haina gharama au ina gharama kidogo. Angalia muda wa kulalamika, nao una mwisho wake.

Hatua ya 10: Kabla hujakata tena

Msimu ukiisha rudi kwenye ile karatasi, ongeza mistari miwili: nilivuna nini, na kipimo chao kilisema nini. Usikate tena kwa kuwa ulilipwa, wala usiache kwa kuwa hukulipwa, mwaka mzuri kutolipwa ndo kawaida yake. Angalia tu kama vile viwili vinatembea pamoja. Vikiachana misimu miwili mitatu, nenda na karatasi yako useme hiki kipindi kianze wiki mbili baadae, au nihamishieni kwenye kituo kile cha huku, au nipeni ya mavuno ya eneo. Kampuni nyingine zitasikiliza, maana na wao wanapoteza wateja kwa jambo hilohilo. Mi baada ya ule mwaka wangu niliwaandikia barua na tarehe zangu za kupanda za misimu sita. Bei haikubadilika hata senti, ila mwaka uliofuata kipindi cha kuchanua kilisogezwa siku 14.